Kaunta ya jikoni: marumaru nyeupe, graniti au kwatzi ya kiwandani?

Mjenzi_Mpole:

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa.

Tunakarabati jikoni na sasa tumefika kwenye kazi ya kuchagua jiwe la kaunta, ambayo nilidhani ingekuwa nyepesi kuliko zote lakini imetukwamisha. Umbo la jikoni letu ni la herufi L, upande mrefu una mita 3 na nusu na upande mfupi mita 2 na sentimita 40, kina cha kaunta kikiwa sentimita 60 pande zote mbili. Sinki litakaa kwenye upande mrefu, chini ya dirisha linalopigwa na jua kwa saa nyingi za mchana. Kabati za chini ni za zamani, za mbao, na kwa kuwa bado zinaonekana imara tumeamua kuzibakiza.

Mke wangu amevutiwa na marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu. Mimi naelekea zaidi kwenye graniti. Muuzaji tuliyemtembelea anasema kwamba hatuna haja ya kuvutana, kwa sababu anayo kwatziti, jiwe la asili lenye weupe wa marumaru na ugumu unaozidi hata wa graniti, na tukipenda anayo pia kwatzi ya kiwandani ambayo, kwa maneno yake, haihitaji matunzo ya aina yoyote. Kila jiwe alilotuonyesha ndilo lililokuwa bora kuliko yote wakati tumesimama mbele yake.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie katika mambo matatu. Je, ni kweli kwamba marumaru haifai kabisa jikoni? Je, nichukue unene wa milimita 20 au 30, nikizingatia kwamba kabati ni za zamani? Na mtu asiye mtaalamu anawezaje kuhakikisha kwamba jiwe analouziwa ndilo lililoandikwa kwenye lebo?

Natanguliza shukrani.

Mchonga_Mawe:

Ndugu Mjenzi_Mpole, kazi yangu ni kukata na kufunga mawe, kwa hiyo nitaanzia pale ambapo wateja wengi huchanganya mambo. Jiwe la kaunta huharibika kwa njia mbili zisizohusiana, nazo ni kuingiwa na doa na kuliwa na asidi. Doa ni kitu cha nje, kama mafuta au rangi ya chakula, kilichopenya kwenye vinyweleo vya jiwe. Hilo unaweza kulizuia kwa kupaka dawa ya kuzibia, na hata likitokea, mara nyingi huvutwa nje kwa kupaka uji mzito wa magadi na maji, kuufunika kwa nailoni usiku kucha na kuufuta ukishakauka. Kuliwa na asidi ni jambo jingine kabisa. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, na tone la ndimu au siki likiigusa linaanza kuiyeyusha papo hapo, na linapofutwa jiwe lenyewe limeshapungua kidogo na mng'ao wake umeondoka mahali pale. Hakuna dawa ya kuzibia inayokinga hilo. Muuzaji akikuambia kwamba marumaru yake imepakwa dawa na kwa hiyo haiogopi ndimu, ujue anachanganya mambo hayo mawili, ama kwa kutojua ama kwa makusudi.

Marumaru pia ni laini: katika kipimo cha ugumu cha Mohs kinachokwenda kutoka 1 hadi 10, marumaru iko karibu na 3, ilhali graniti iko kati ya 6 na 7 na kwatziti halisi hufika 7. Kisu cha kawaida kinaichora marumaru bila shida. Graniti haichoreki kwa kisu. Kisu ndicho kitakachopoteza makali.

Kuhusu kwatziti, muuzaji wako hajadanganya kuhusu jiwe lenyewe, kwa sababu kwatziti ya kweli ni mchanga uliogandamana, kisha ukapikwa na joto na mgandamizo wa ardhi hadi punje zake zikashikana, na kwa kweli ni ngumu na haijali ndimu. Tatizo ni kwamba katika biashara ya mawe jina hilo hubandikwa pia kwenye mawe meupe ambayo ni marumaru au dolomiti, jiwe linalokaribiana na marumaru, na ukisikia mtu anataja "kwatziti laini" unapaswa kushtuka, kwa maana kwatziti haina aina laini. Usinunue kwa kutegemea lebo. Omba kipande kilichobaki pembeni mwa bamba lile lile unalotaka kununua, wala si sampuli ndogo ya dukani ambayo huenda ilitoka kwenye bamba jingine la miaka mingine, kisha ukakifanyie majaribio nyumbani. Chukua chupa ya kioo usiyoihitaji na uikwaruze kwa ncha ya kipande hicho. Kioo kiko kwenye ugumu wa 5 na nusu hivi, kwa hiyo kwatziti itakichora vizuri na utahisi ikikikata, na marumaru itateleza na kuacha unga mweupe unaofutika kwa kidole. Baada ya hapo dondoshea tone la siki au maji ya ndimu kwenye uso uliong'arishwa, liache robo saa, lifute, kisha uinue kipande na ukitazame kwa mshazari dhidi ya mwanga uone kama mng'ao umeondoka mahali pale.

Fanya pia jaribio la maji ya kawaida. Weka matone machache, usubiri dakika 10 hadi 15, na uone kama jiwe chini yake limekuwa jeusi zaidi. Likibadilika haraka maana yake linanyonya na litahitaji dawa ya kuzibia kila baada ya muda. Kama utachagua graniti nyeusi, sugua kitambaa cheupe chenye asetoni, au hata dawa ya kuondoa rangi ya kucha, kwenye sehemu iliyofichika. Kitambaa kikitoka na weusi, jiwe lilitiwa rangi ili kuficha ukijivu wake, na rangi hiyo haitadumu.

Mama_Jikoni:

Nashukuru kwa maelezo ya Mchonga_Mawe, na kwa upande wa kemia sina la kupinga. Hata hivyo naomba kumtetea mke wa muuliza swali, kwa sababu mimi napika juu ya marumaru kila siku na sioni kuwa ni jiwe lisilofaa jikoni. Linalotakiwa ni kukubali tangu mwanzo kwamba litapata alama, kisha kuchagua uso ambao alama hizo hazitaupigia kelele. Kaunta yangu haina mng'ao: jiwe lilisuguliwa likawa laini, lakini halikung'arishwa. Asidi inapoila inaondoa mng'ao, na mahali ambapo hapakuwa na mng'ao wa kuondolewa, alama huonekana kwa mtu anayeitafuta tu. Ukisimama jikoni kwangu asubuhi na kuinama hadi jicho likawa sawa na uso wa kaunta utaona miviringo hafifu ya vikombe karibu na mahali pa kukamulia ndimu, na mikwaruzo midogo isiyohesabika, lakini ukisimama wima unaona jiwe jeupe tu.

Kinachonisumbua zaidi ni mafuta na manjano, wala si asidi. Uso usiong'arishwa hunyonya haraka zaidi, kwa hiyo napaka dawa ya kuzibia mara nyingi kuliko mwenye graniti, na sisafishi kwa siki wala kwa sabuni kali za choo, bali kwa sabuni laini ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Mtu asiyetaka kuwa na mazoea hayo, au mwenye nyumba yenye wapishi wengi ambao hawezi kuwasimamia, achukue graniti na asijilaumu.

Swali ambalo ningependa ndugu Mjenzi_Mpole na mkewe waulizane ni hili: je, alama ya kwanza itakapotokea, nani kati yenu atakosa usingizi? Kama ni yule anayeitaka marumaru, basi asiinunue.

Mkaguzi_Majengo:

Naongezea kuhusu kwatzi ya kiwandani, kwa kuwa haijaguswa.

Jiwe hili hutengenezwa kwa kusaga madini ya kwatzi na kuyachanganya na gundi ya rezini, madini yakiwa takriban asilimia 90 ya uzito, kisha mchanganyiko hugandamizwa kwa mtetemo ndani ya ombwe na kupashwa joto ili ugande. Teknolojia hiyo iliendelezwa na kampuni ya Breton ya Italia, na viwanda vingi duniani bado vinatumia mitambo yake. Faida zake si za kubuniwa: halinyonyi, haliliwi na ndimu, halihitaji dawa ya kuzibia, na bamba utakaloletewa litafanana na sampuli uliyoiona. Kwa jikoni nyingi ni chaguo zuri kabisa.

Lakini kwa jikoni ulilolieleza wewe nina mashaka mawili, na yote yanatokana na ile asilimia 10 ya rezini. La kwanza ni dirisha. Rezini inayopigwa na jua moja kwa moja miaka nenda miaka rudi hugeuka rangi, na kwenye jiwe jeupe umanjano huo huonekana kama mpaka: upande wa dirisha umegeuka manjano, upande wa kivulini umebaki ulivyokuwa. Watengenezaji wenyewe huandika kwamba bidhaa hiyo ni ya matumizi ya ndani na isiwekwe juani, ingawa maneno hayo ni nadra kusomwa dukani. La pili ni joto. Rezini huanza kuharibika kwenye nyuzi 150 hivi za Selsiasi, na kikaango chenye mafuta kinachotoka motoni kinaweza kupita 200. Ukikiweka hapo bila kikalio kinaacha alama ya kuungua ambayo hakuna anayeweza kuing'arisha ikatoka. Graniti haina tabu hiyo, japo hata kwenye graniti nashauri kikalio, hasa karibu na tundu la sinki na kwenye kiungio, kwa sababu joto la ghafla mahali palipokatwa linaweza kufungua ufa.

Lipo pia jambo la afya, ambalo haliwahusu wakaaji wa nyumba bali mafundi. Vumbi la kukata kwatzi ya kiwandani lina silika nyingi sana, yaani unga wa madini yale yale ya kwatzi, na limewasababishia wakataji wengi silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona, wakiwa bado vijana. Australia ilipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kufunga jiwe hilo kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Kaunta ikishafungwa haina madhara kwa anayeitumia. Lakini hata ukichagua graniti, ambayo nayo ina silika ingawa kwa kiasi kidogo zaidi, sisitiza kwamba matundu yote ya sinki na bomba yakatwe karakanani kwa mashine inayomwagiwa maji. Fundi anayewasha msumeno mkavu ndani ya nyumba yako, huku mlango wa chumba cha watoto uko wazi, msimamishe.

Mjenzi_Mpole:

Ndugu zangu, nimerudi na matokeo, na nadhani yatawavutia.

Muuzaji alinipa kipande cha graniti ya kijivu na kipande cha ile aliyoiita kwatziti nyeupe, vyote vikiwa vimekatwa pembeni mwa mabamba yenyewe mbele ya macho yangu. Graniti iliichora chupa ya kioo mara moja, na siki haikuiachia chochote. Ile nyeupe iliteleza kwenye kioo na kuacha mstari wa unga nilioufuta kwa kidole, kama ilivyoelezwa hapo juu. Siki haikutoa povu lolote juu yake, jambo ambalo lilinipa matumaini kwa muda, lakini baada ya robo saa na kufuta niliona duara lililofifia ukubwa wa kitufe cha shati, lenye ukingo ulio wazi kabisa nikikiinamisha kipande kuelekea dirishani. Nikakwaruza kwa msumari upande wa nyuma, nikaudondoshea siki unga uliotoka, na hapo vikaonekana viputo vidogo vidogo.

Je, hiyo ni marumaru? Na kama ni marumaru, kwa nini haikutoka povu juu ya uso?

Kuhusu kwatzi ya kiwandani, dirisha limetuamulia. Tumeiondoa kwenye orodha. Swali langu la unene bado halijajibiwa.

Mchonga_Mawe:

Kwa maelezo yako hayo, ulichoshika ni dolomiti, au marumaru yenye dolomiti nyingi. Dolomiti ina magnesiamu pamoja na kalsiamu, na humenyuka na asidi polepole zaidi kuliko marumaru ya kawaida, ndiyo maana povu halikuonekana kwenye uso mzima bali kwenye unga, ambako asidi ilipata eneo kubwa la kushambulia. Ugumu wake ni kati ya 3 na nusu na 4. Si jiwe baya. Ni gumu kidogo kuliko marumaru na huliwa taratibu zaidi, kwa hiyo anayependa weupe wa marumaru anaweza kunufaika nalo, mradi alipie bei ya dolomiti na si bei ya kwatziti. Mrudishie muuzaji kipande hicho, umwonyeshe kwa upole ulichokiona, na umwombe akupe mabamba mengine meupe uyajaribu. Kwatziti halisi nyeupe zipo, na zinazotoka Brazili zinafahamika sana sokoni.

Jambo moja kuhusu graniti nyeupe au ya kijivu hafifu, kama mtaiangukia: kagua kama ina vitone vyekundu au vya rangi ya shaba. Baadhi ya graniti hafifu zina madini ya chuma ambayo yakikaa na unyevu, hasa pembeni mwa sinki, hutoa kutu kutoka ndani ya jiwe.

Sasa vipimo. Mabamba mengi huwa na urefu wa mita 3 hivi na upana wa mita 1 na nusu au zaidi, kwa hiyo upande wako wa mita 3 na nusu hautatoka kipande kimoja ukihesabu na kona yake. Fundi asiyefikiri atakuwekea kiungio katikati ya upande huo, yaani karibu na sinki, mahali penye maji na jiwe dhaifu. Mwambie ile kona ya sentimita 60 aipeleke kwenye upande mfupi. Hapo upande mfupi unabaki na kipande chake cha mita 2 na sentimita 40 kikiwa na kona ndani yake, na upande mrefu unakuwa wa mita 2 na sentimita 90, ambao bamba linautosha. Unapata kiungio kimoja tu, kilichonyooka, kwenye kona, mbali na sinki. Vipande vyote viwili vinaweza kutoka kwenye bamba moja, kimoja juu ya kingine, na ukanda utakaobaki unafaa kwa kizuizi cha maji ukutani. Kabla ya kukata, nenda karakanani ukaone fundi amechora wapi juu ya bamba, kwa sababu mishipa ya jiwe ikikutana vibaya kwenye kona hakuna gundi itakayoificha.

Kwenye sinki, pembe za tundu ziwe za mviringo, maana ufa hupenda kuanzia kwenye pembe kali. Ukanda mwembamba wa mbele ya sinki uchimbiwe mfereji kwa chini na kutiwa fito ya chuma kisichoshika kutu, pamoja na gundi ya epoksi. Fito ya chuma cha kawaida ikipata unyevu inashika kutu, inavimba, na inalipasua lile jiwe iliyowekwa kulilinda.

Unene namwachia seremala.

Seremala_Mstaafu:

Nimeitwa, nami naitika. Mita moja ya mraba ya graniti yenye unene wa milimita 30 ina uzito wa kilo 80 hivi, na ya milimita 20 ina kilo 54 hivi. Eneo lako, bila kuihesabu kona mara mbili, ni zaidi kidogo ya mita 3 za mraba. Kwa hiyo tunazungumzia takriban kilo 250 kwa unene mkubwa, na kilo 170 kwa unene mdogo. Kabati za mbao zilizoundwa vizuri zinabeba uzito wote huo kwa sababu umeenea. Kinachovunja jiwe ni kukaa juu ya kitu kisichonyooka.

Kwa hiyo, kabla ya mpimaji wa jiwe kuja, ondoa kaunta ya zamani na uweke pima maji na rula ndefu juu ya kabati, kwa urefu na kwa mshazari. Tofauti isizidi milimita 3 katika urefu wa mita 3. Ikizidi, kabati zisawazishwe kwa vipande vya kutegemeza chini yake, wala fundi asikubaliwe kusema kwamba atajaza pengo kwa gundi. Bonyeza pia mbao chini ya sinki la zamani kwa bisibisi, maana huko ndiko maji yalikokuwa yakivuja kimya kimya, na mbao inayoonekana nzima kwa nje inaweza kuwa imelainika kwa ndani. Vipimo vya jiwe vichukuliwe baada ya kabati kusawazishwa na kufungwa ukutani. Vikichukuliwa kabla, jiwe halitakaa.

Mimi ningechagua milimita 30, kwa sababu haihitaji ubao chini yake na inavumilia zaidi wakati wa kubebwa. Ukichagua 20 kwa sababu ya uzito au bei, tandika ubao wa plaiwudi juu ya kabati zote. Na kama mnataka kaunta ichomoze mbele ili watu wakae na viti, milimita 20 isichomoze zaidi ya sentimita 15 bila kutegemezwa, na milimita 30 isizidi 25. Zaidi ya hapo weka mabano ya chuma.

Mjenzi_Mpole:

Tumekubaliana, ndugu zangu. Upande mrefu wenye sinki na jiko na upande mfupi vyote vitakuwa vya graniti ya kijivu yenye unene wa milimita 30, na ile dolomiti tumempata muuzaji mwenyewe akikiri kwamba lebo ililetwa hivyo na msambazaji, akatupunguzia bei. Tutachukua kipande kidogo cha dolomiti hiyo, bila kung'arishwa, kwa ajili ya meza ya pembeni ambayo mke wangu hukandia unga, mbali na ndimu. Kabati moja chini ya sinki kweli imelainika. Inabadilishwa wiki hii. Je, dawa ya kuzibia ipakwe na fundi kabla ya kufunga, au baada?

Mchonga_Mawe:

Baada, jiwe likiwa limefungwa, gundi ya kiungio imekauka na uso umesafishwa ukakaa usiku mzima bila kuguswa na maji. Paka eneo dogo dogo kwa kitambaa, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, na ufute yote iliyobaki juu kabla haijakauka, kwa sababu ikikauka juu ya jiwe lililong'arishwa inaacha utando wa ukungu ambao kuuondoa ni kazi kubwa kuliko kuupaka. Kwa dolomiti isiyong'arishwa rudia mara ya pili. Kisha kila baada ya miezi kadhaa weka matone ya maji karibu na sinki, na upake tena pale tu utakapoona jiwe linaanza kuyanywa.